Msiba wa Zama za Malkia Viktoria

Bisha ukitaka, lakini mimi niliyeacha shule kidato cha pili nimeunganisha ukoo wa Waingereza kwa simu ya getini, hapa ughaibuni, kwenye nyumba za kupanga za Al Thumama ninapolinda.

Mama mmoja mzee wa Kiingereza alishuka kwenye teksi na bahasha. Kwa miaka mingi alikuwa akitafuta wazao wa mwanamke aliyeuawa London enzi za Malkia Viktoria, ambaye watoto wake walificha habari zake kwa aibu. Mzao pekee ambaye hakuwa amemfikia ni mwalimu wa Kiingereza anayekaa kwenye nyumba hizi ninazolinda, na ndege ya mama ilikuwa jioni hiyo hiyo.

Nikapiga simu. "Madam, pole sana. Nyanya yako ameuawa."

Mwalimu akaja mbio, kiatu mguu mmoja. "Nyanya? Nimeongea naye asubuhi!"

"Si huyo," mama akasema, akitoa picha. "Ni nyanya wa nyanya yako."

"Wewe mlinzi una wazimu?"

"Madam, kwetu msiba hauchachi. Keti kwanza."

Nikampa kiti changu. Akaitazama picha, akashika kidevu chake mwenyewe, kisha akauliza, "Alikuwa na watoto wangapi?"

Kwetu marehemu huyo angekuwa na wajina kumi katika darasa moja. Wenzetu humficha aliyeuawa kana kwamba ndiye aliyeua.

Sasa nikiri nilichoruka. Hiyo ilikuwa simu ya tatu. Katika mbili za kwanza nilisema kwa adabu kuna mgeni mwenye habari za ukoo, na mwalimu akajibu, "Mwambie sipo." Mama akaanza kurudisha bahasha mkobani, nami, kwenye simu ya tatu, Malkia Viktoria nikamruka makusudi.