Chiriku Alipopotewa na Maneno

Kazi yake ilikuwa kusherehesha harusi, na watu walimbandika jina la Chiriku kwa sababu ya ulimi wake. Ungemtajia mashangazi na mashemeji mara moja tu, jioni angewaita ukumbini mmoja mmoja, kila mtu na utani wake.

Kisha akapata saratani ya titi. Akapasuliwa, akatundikiwa dripu za dawa kali, nywele zikapukutika. Hayo aliambiwa mapema, akayapokea. Nywele zilipoanza kuota tena ndipo likamfika asilolitarajia. Akiwa jikoni alitaka mwiko, neno likagoma kutoka.

"Nipe kile... kile cha kukorogea!"

Mumewe akacheka, naye akacheka. Lakini siku simu yake ilipokutwa ndani ya friji, mume alicheka peke yake. Chiriku alijifungia bafuni akiwaza: ugonjwa umenipanda kichwani. Hakumwambia mtu.

Ikafika harusi ya binti wa jirani, mtoto aliyemlea kama wake. Ukumbi umefurika, Chiriku akashika kipaza sauti amkaribishe bibi harusi. Jina likayeyuka. Akabaki ameduwaa, jasho likimtiririka mgongoni.

Wifi yake akainuka meza ya mbele. "Jamani, huyu mrembo anaitwa nani? Mbona hatuwasikii?"

Watu wakalipaza jina hadi madirisha yakatetemeka, wakidhani ni mbwembwe za kazi.

Baadaye wifi akamfuata uani, akamkuta analia.

"Tangu lini?"

"Tangu dawa. Wifi, mimi nawehuka."

"Wewe ulikuwa mwehu tangu ulipomkubali kaka yangu. Kesho twende hospitali."

Daktari alimsikiliza bila haraka, akampima, na majibu yalipotoka akamwambia saratani haijafika kwenye ubongo.

"Dawa zile zinaweza kuacha ukungu kichwani. Uchovu, wasiwasi na kukosa usingizi huuzidisha. Kwa wengi hupungua polepole."

"Lini?"

"Sitakudanganya kwa kukupa tarehe."

"Basi mbona hamkuniambia mapema?"

"Tulipaswa kukuambia, mama."

Chiriku akavuta pumzi ndefu. Ukungu ulikuwa palepale, ila hofu ya kuwehuka ilimtoka.

Akaanza kufanya jambo moja kwa wakati, kutembea asubuhi, kulala mapema. Alipoyaeleza nyumbani maneno ya daktari, mumewe aliinamisha uso. Tangu siku hiyo hakucheka tena kabla ya mkewe kucheka.

Kazi aliirudia kwa sherehe ndogo ndogo, wifi akiwa ubavuni na kipaza sauti cha pili. Maneno yakaanza kurejea, mengine kwa kuchechemea. Jina likimponyoka, humgeukia wifi mbele za watu na kusema, "Nisaidie, dada, limenitoroka." Wifi naye kwanza humtania, kisha humpa. Siku hizi wenye harusi huwaalika wawili hao pamoja, na wifi amekuwa msemaji kuliko hata Chiriku mwenyewe.