Sufuria ya Meneja

Mpishi wa kantini ya kiwanda cha nyuzi alikuwa na mkono ambao hauanzi sufuria bila kitunguu. Akikaanga vitunguu vyake, mashine ziliachwa zijisokote zenyewe, na kuna mgonjwa mmoja aliyekwisha kuagwa na ndugu zake aliyeinuka kitandani akaulizia sahani. Anayebisha akawaulize hao ndugu, bado wana hasira ya nauli.

Nyumbani aliishi na wifi yake, fundi wa cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi, na mbwa aliyeachwa na marehemu mumewe. Mbwa huyo waliishia kumwita Meneja, maana alikagua kila kitu na hakufanya kazi yoyote.

Zamani Meneja alikula maini matupu, akanenepa mpaka akawa anapita mlangoni kwa awamu. Daktari wa mifugo akasema achanganyiwe: nyama isiyo na mafuta, wali, karoti na boga, maini kidogo tu, na maganda ya mayai yaliyosagwa yakawa unga, kwa ajili ya mifupa. Mpishi akapika kwa roho yote. Meneja akalamba sahani mpaka maua yaliyochorwa ndani yakafutika.

Kisha akaanza kulegea. Fizi zikapauka kama chaki, mkojo ukawa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Mpishi naye kadiri mbwa alivyolegea ndivyo alivyozidi kumpikia. Akikoroga, anachungulia uani. Akirudi jikoni, amesahau mwiko. Akiufuata mwiko, anachungulia tena.

"Wifi, tulia basi, unanipa kizunguzungu," fundi akasema. "Nimeshona mkono wa shati kwenye kola."

"Nitulie vipi na huyu hanyanyui hata mkia?"

"Kaka yangu alipougua hukuhangaika hivi."

"Kaka yako alikuwa analalamika, nikajua yupo. Huyu kanyamaza."

Fundi akafumua mkono wa shati polepole.

Asubuhi mpishi akambeba Meneja begani kama gunia la mkaa mpaka kwa daktari. Daktari akafunua mdomo wa mbwa, akaguna.

"Mama, hebu nieleze unavyompikia. Anzia unapowasha jiko."

"Nawasha jiko, nabandika sufuria, nakaanga kitunguu kiwe cha kahawia..."

"Ngoja. Kitunguu?"

"Sasa daktari, sufuria itaanzaje?"

"Mimi nilitaja kitunguu?"

"Hukutaja. Na maji hukutaja, na moto hukutaja. Kuna vitu havitajwi!"

Daktari akashika kichwa. Akamwambia kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, kiwe kibichi au kimeiva. Alimchoma Meneja sindano, akasema, "Akila chakula kisafi, damu itarudi. Akigoma kula, mama, siahidi kitu."

Mpishi akarudi mbio, mbwa begani, viatu mkononi, akitangaza habari ya kitunguu tangu mlangoni. Jikoni, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kikapu cha vitunguu, lakini wifi alishakikalia kama kuku anayeatamia.

"Sinyanyuki hapa," akasema fundi. "Pika."

Akapika. Nyama, wali, karoti, boga, unga wa maganda. Meneja akanusa, akageukia ukuta.

Mpishi akatoka uani, akaingia, akatoka. Akapasha chakula, akakipoza, akakibadilishia sahani. Meneja akautazama ukuta. Mwisho mpishi akachota kwa kidole, akampaka puani.

"Kula, baba. Najua hakina ladha. Mimi mwenyewe aibu inaniua. Lakini kula, usiniache na mdomo wa wifi yangu peke yangu."

"Nasikia," akasema fundi kutoka kikapuni.

Meneja akalamba pua, kwa kuwa pua ililowa tu. Akalamba tena. Kisha akaburura kifua mpaka kwenye sahani, akala akiwa amelala, tonge moja, la pili, akapumzika, akaendelea.

Mpishi akamfunua mdomo palepale. "Fizi bado nyeupe!"

"Kwani umemchovya kwenye rangi? Mwache ameze kwanza."

Akazunguka uani, akarudi, akafunua tena. Akaosha karoti za kesho, akarudi, akafunua tena. Safari hii Meneja akamng'ata kidole, akakunja na uso.

"Wifi!" mpishi akapiga kelele, damu ikimchuruzika. "Kaning'ata! Njoo uone, kaning'ata kwa nguvu kabisa!"