Nilionja Kabla ya Mungu

Mlio ninaoukumbuka mpaka leo, mwanangu, ni wa kengele ndogo ya shaba, isiyozidi kikombe cha kahawa. Tini, tini, tini, kila alfajiri, kabla majogoo wa Kasulu hawajamaliza kubishana. Nakuita mwanangu ingawa mvi bado sina. Nina hiki kimoja nilichokiona kabla yako, na kwa hicho nivumilie nijifanye mzee kidogo.

Mwaka 2013 nilitoka kwetu Murungu na cheti changu cha darasa la saba na ndoto gunia zima, nikaenda Kasulu mjini kufanya kazi za ndani kwa mjane mmoja wa Kihindu. Mwanawe, mwenye duka la vitambaa, alimwita Baa, ndiyo mama kwao. Mimi nikamwita Bibi, naye akaitika. Alizaliwa Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, maana mimi nikikwama nilirukia Kiha. Nyumba ile haikuingia nyama wala samaki. Mtoto wa Kigoma niishi bila mgebuka, samaki wetu wa ziwani, hebu fikiria. Lakini nilizoea. Nikiwa jikoni peke yangu nilizisomea sufuria taarifa ya habari, kwa kuwa nilitaka siku moja nitangaze redioni, na sufuria hazikuwahi kulalamika.

Kwenye kona ya sebule Bibi alikuwa na kabati dogo lenye sanamu na picha. Kila asubuhi alioga, akawasha taa ya samli, akapanga maua, akapiga ile kengele. Siku ya kwanza tu alinikalisha chini.

"Butoyi, chakula cha ibada hakionjwi. Hata ua halinuswi. Kwanza Mungu, halafu sisi."

"Sawa, Bibi," nikasema. Nilisema kwa mdomo.

Jumapili niliimba kwaya kanisani, sare ya njano, spika kubwa, tukipiga makofi mpaka mabati yanatikisika. Siku moja Yusta, mwenzangu wa sauti ya kwanza, akanitania mbele ya wote: "Ee Butoyi, ndiyo wewe unayewapikia masanamu? Wakishiba huwa wanakushukuru?" Kwaya nzima ikacheka. Nikacheka nami, mwanangu, na nilivyorudi kazini nilijiona nimesimama karibu na Mungu kuliko yule bibi na taa yake. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi wa kwangu niliuona ni mdogo sana.

Ikafika siku ya kutimiza mwaka tangu mumewe Bibi afariki. Kuhani wao alisafiri kutoka Mwanza. Bibi hakula tangu jana yake. Sadaka kubwa ya siku ile ilikuwa wali wa maziwa na iliki, chakula ambacho marehemu alikipenda, nacho kilitakiwa kitolewe kabla ya saa sita mchana. Maziwa yaliletwa asubuhi kwa baiskeli kutoka Kitanga, na yote niliyamimina sufuriani. Bibi aliniambia, "Nimengoja siku hii mwaka mzima. Nikimpa hiki, moyo wangu utatulia." Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo aliniachia mimi kupika.

Nikakoroga, nikatia sukari, na mkono ukaenda wenyewe. Mama yangu alinifundisha kwamba mpishi asiyeonja anawalisha watu gizani. Nikadondosha tone kiganjani. Hapo nikakumbuka katazo, ukweli nikuambie, nilikumbuka kabisa. Nikayakumbuka na maneno ya Yusta. Nikasema moyoni, sanamu itajuaje? Nikalamba. Nikaongeza sukari kidogo, nikalamba tena.

Niliingia sebuleni nimebeba bakuli. Bibi alikuwa ameketi sakafuni licha ya yale magoti yake, amevaa sari nyeupe, nywele bado mbichi. Alinyoosha mikono miwili kulipokea kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Mwanangu, sanamu sikuiona tena, nilimwona yeye. Nikaona kwamba nikinyamaza atampa Mungu wake, na mume wake, kitu anachoamini ni safi, kumbe nimemdanganya mahali ambapo yeye hana uongo hata chembe.

"Bibi, nimeonja," nikasema.

Kuhani akafunga kitabu, kidole kikibaki kwenye ukurasa. Hakuwa mtu mkali. "Basi hiki hakifai tena, mama. Kila kitu kina utaratibu wake. Kuna maziwa mengine?"

"Hakuna," nikajibu mimi, machozi yameshaanza.

Akatazama saa yake. "Muda utapita."

Bibi aliitazama ile taa, samli ikichemka kwenye utambi. Kisha akamwambia kuhani, "Endelea, Maharaj. Soma yote. Ukifika pa sadaka, paache wazi."

Na kuhani alipofika hapo, Bibi alifungua viganja vyake vitupu mbele ya lile kabati, akasema kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa akimtania nayo mumewe dukani: "Leo sina kitu. Nimekuja mimi tu. Wewe unanijua." Akalia taratibu. Kuhani naye akainamisha kichwa.

Baada ya kuhani kuondoka, Bibi alinifuata jikoni, ameshika ukuta.

"Ulionja kwa kusahau au kwa kudharau?"

"Kwa kudharau kidogo, Bibi."

"Dharau haipimwi kwa kijiko." Alikaa juu ya kigoda, akapumua. "Unadhani ile kengele namwamshia Mungu? Mungu halali, Butoyi. Najiamsha mimi. Nikikaa pale akili yangu inakimbilia dukani, inakimbilia kwenye magoti. Kengele inairudisha. Maua, taa, yote ni kamba ya kunifunga mimi nisitoroke. Leo kamba imekatika, nikaogopa, nikaona kumbe bado nipo palepale." Akanitazama. "Na wewe, wakizima zile spika, kwaya ikaenda nyumbani, unamwambia nini?"

Nilitafuta, nikakuta nyimbo za watu na Amina za watu. Sala yangu mwenyewe sikuikuta.

"Umenikosea, na nimekasirika," akasema. "Lakini ungeweza kunyamaza. Lete bakuli mbili. Mzee hakupenda chakula kitupwe." Tukala pamoja. Katikati ya kula akasema, "Na umezidisha sukari."

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Usicheke ibada ya mtu kwa kuwa huijui. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sikuambii uache dini yako, mimi yangu sijaiacha, na sare ya njano niliendelea kuivaa. Taratibu za ibada ni njema, nyingine zina umri mkubwa kuliko babu zetu, nazo humshika mtu siku ambayo moyo umechoka. Ila usiziache zimwamini Mungu kwa niaba yako. Uwe na neno lako na Yeye, hata moja, lisilohitaji spika wala samli. Na ukimkosea mtu katika kitu anachokiheshimu, mwambie kabla hajanyoosha mikono.

Mungu ambaye bibi zetu wa Kiha walimwita Imana akutazame utokapo na urudipo. Akupe mdomo usiodharau na moyo usiokuwa mgeni mbele zake. Siku utakayofika mikono mitupu, akupokee hivyohivyo.

Jioni ile niliosha vyombo, nikafunga mlango wa jikoni, nikapiga magoti kwenye sakafu iliyokuwa bado na maji. Niliona haya, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliyempita mlangoni miaka yote bila kumsalimia. Nikasema polepole, bila wimbo, "Mimi ni Butoyi, wa Murungu." Nikakaa hapo kidogo, mpaka magoti yakalowa.