Magego Mawili ya Bibi Jovina

Kule Nyamigogo, wilayani Biharamulo, gunia la mahindi haliingii kwenye ghala la kikundi cha wakulima kabla Bibi Jovina hajaling'ata. Anachomoa punje kutoka katikati ya gunia, anaiweka kati ya magego mawili ya kulia, la juu na la chini, kisha anabana. Punje iliyokauka hupasuka kwa mlio mkavu. Yenye maji hubonyea kwanza. Ikibonyea, gunia linarudi juani, hata kama mwenyewe ni shemeji yake.

Wanunuzi wana mashine ya kupima unyevu, lakini inakuja na lori. Lori likikataa mzigo, kikundi kizima kinabaki na mahindi yanayoota ukungu. Ndiyo maana mlangoni wamemweka yeye.

Mimi nilikuwa nimetoka mpakani Rusumo, ambako madereva wa malori hubishana kwa lugha nne wakisubiri karatasi zao. Habari za mwanamke anayefanya kazi kwa jino zilinivuta kuliko maporomoko ya mto. Nilipomuuliza anang'ata kwa meno gani, alijibu akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yamekwisha. Kisukari kilikuwa kimekaa naye miaka mingi, fizi zikalegea, meno yakaanza kucheza.

"Hapa mbele pamebaki uwanja," alisema. "Mwenye kazi yuko nyuma."

Binti yake, Koleta, alikuwa amemsihi muda mrefu aende kwa daktari wa meno. Kanisani Bibi Jovina alikuwa haimbi tena, na kwenye harusi alikula akiwa ametazama ukuta. Alitaka meno ya mbele, hilo hakulificha. Alichoogopa ni kwamba daktari angeng'oa yote, na magego yake yaende pamoja na mengine. Kwenye kikundi walishaanza kunong'ona kwamba bibi amezeeka, atafutwe mtu mwingine wa mlangoni.

Nilifuatana nao hospitalini. Bibi Jovina alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Kliniki ya kisukari humwambia aje kupima akiwa na njaa, naye akaona hospitali ni hospitali. Alipokaa kwenye kiti cha meno akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Daktari Audax, mwanamume mpole mwenye sauti ndogo, alimuuliza amekula nini, akampima, akakuta sukari imeshuka mno, kisha akaagiza chai yenye sukari ya kutosha. Bibi aliinywa huku anacheka. Miaka yote wananikataza sukari, alisema, kumbe ilikuwa inanisubiri huku.

Daktari alimweleza kwamba kwa meno mtu huja ameshakula na kumeza dawa zake. Siku hiyo hakung'oa kitu. Koleta alipomrudisha siku nyingine, sukari ilikuwa juu na presha nayo vilevile, na daktari akasema kidonda cha mtu mwenye sukari ya namna hiyo huchelewa kupona na huoza upesi. Ishuke kwanza. Ndipo akataja mpango wake.

"Bibi, tukitoa yote polepole, nitakuwekea seti kamili. Utapendeza."

"Itang'ata mahindi makavu?"

"Hapana. Ni ya kulia ugali na kuchekea."

"Basi nitacheka sina kazi."

Daktari hakubishana. Aliyagonga magego mawili kwa kishikio cha kioo chake cha kutazamia meno, akayatikisa, akayatazama tena. Yalikuwa yameshika mfupa vizuri. La chini lilikuwa na tundu. Wakakubaliana: yanayocheza yatoke machache machache, tundu lizibwe, na mbele awekewe meno bandia ya kuvaa na kuvua. Hakumficha kwamba jino lililozibwa linaweza kupasuka kwenye punje yoyote. Bibi alisema hilo ni juu yake.

Akaacha ndizi mbivu na soda, akawa anatembea hadi kwa dada yake kila jioni, akimeza vidonge bila kusukumwa. Sukari na presha zikakubali kushuka. Meno yaliyocheza yakatolewa, tundu likazibwa, na fizi zilipopona daktari alimbandika mdomoni kitu kama uji mzito, kikaganda, akapata umbo la kinywa chake. Kisha akatoa kibao cha meno ya mfano yenye rangi tofauti. Koleta alionyesha meupe kama maziwa. Mama yake aliuliza ya mtu wa miaka sabini ni yapi, akachukua ya manjano kidogo.

Msimu wa mavuno nilirudi Nyamigogo. Wa kwanza mlangoni alikuwa Derick, kijana mwenye mahindi mengi na maneno mengi zaidi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Hayo meno mapya yameshalipa kiingilio cha kikundi?"

"Ni wageni hao. Wenyeji wako nyuma."

Watu walicheka. Bibi akabana punje ya Derick. Akachukua nyingine. Jino lililozibwa lilikuwa na sauti ngeni, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Kicheko kilikwisha, na Koleta akatazama chini. 

Akamwomba Koleta alete mhindi mmoja wa mbegu uliokuwa ukining'inia juu ya jiko tangu msimu uliopita. Ule ulikuwa mkavu bila shaka. Akang'ata punje yake, kisha ya Derick. Yake, kisha ya Derick. Alirudia taratibu, macho ameyafumba, mpaka uso ukalegea akatabasamu, meno yote ya mbele yakionekana mbele ya watu.

Derick akajitupia gunia begani.

"Unakwenda wapi?" bibi aliuliza.

"Ndani. Si umecheka?"

"Nimecheka kwa kuwa nimesikia tofauti. Lirudishe juani."

Derick alilishusha, akaanza kulifungua kamba.