Maneno ya Mama Kwenye Mchanga wa Rukwa

Shemeji yangu sijawahi kumpenda. Hajanikosea kitu. Alimwoa mdogo wangu, anamtunza, na kila akija kwetu Ihanda anashuka garini na viatu vinavyong'aa, watoto wote wanamkimbilia, wa kwangu akiwa mbele. Yeye ni wakala wa mizigo mpakani Tunduma. Mimi nalima kahawa, viatu vyangu vina tope mwaka mzima. Ulikuwa wivu, sina jina jingine la kuupa.

Kitu kimoja tu nilikuwa nimemzidi. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawakai benchi moja, hawasemeshani. Mama akitaka kumwambia jambo, anamwambia mtu wa katikati, na tangu siku ya harusi mtu wa katikati nilikuwa mimi, mtoto wa kwanza. Shemeji anaweza kuwa amesimama hatua tatu tu, anasikia maneno yote, lakini hajibu mpaka mimi niyarudie. Kazi hiyo niliifurahia kuliko nilivyoonyesha.

Pasaka moja shemeji akatangaza matembezi. Twende Ziwa Rukwa, mbele ya Mkwajuni, kwenye vilima vya mchanga. Amekodi pikipiki ya matairi manne kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu. Nyumba nzima ikashangilia. Mimi nikasema barabara ni mbovu. Wakaanza kufunga vyakula.

Mama alipanda pikapu yangu, maana gari la mkwe ni mwiko kwake. Tulimweka binti yangu wa miaka tisa katikati yetu, na njia nzima nilijiona mshindi.

Kule ushindi ukaisha. Shemeji alimpakia binti yangu, wakapanda kilima cha kwanza, wakapotea, wakaibuka juu ya cha pili huku mchanga ukiruka nyuma yao. Mtoto alipiga kelele za furaha ambazo kwangu sijawahi kuzisikia. "Tena, anko! Tena!" Nikajifanya nakagua tairi la pikapu.

Mama alikuwa kwenye mkeka, anawatazama. Amepita miaka sabini, na sikumbuki siku aliyoomba kitu cha raha. Akavua viatu, akavipanga pembeni.

"Na mimi nataka," akasema.

"Nitakupeleka mimi," nikawahi. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, kwa hiyo sikuwa na mshindani.

Shemeji akasogea kunielekeza. "Shemeji, mafuta ya hii yako kwenye kidole gumba. Usiikamate kama bodaboda, itaruka."

"Najua," nikamkata.

Sikujua. Niliikamata kama bodaboda, ikaruka. Tulipanda kilima upande upande, Mama amenishika kiuno, mpaka matairi ya nyuma yakachimba na mashine ikalalia tumbo mchangani. Mama akashuka akikung'uta kanga na kucheka. Mimi nikaanza kufukua kwa mikono, jasho linanitoka, nakataa msaada kabla sijapewa. Shemeji akaja, akairudisha nyuma kidogo kidogo, ikatoka. Hakucheka wala hakusema "nilikwambia". Angecheka, ningepata cha kumchukia.

Mama akageuza uso pembeni, kama desturi inavyotaka, akaniambia mimi:

"Mwambie mkwe wangu anipeleke yeye. Nitajifunika kanga usoni, na yeye asigeuke nyuma. Mungu hatatuhesabia ubaya. Nataka nifike kule juu, nilione ziwa lote."

Shemeji alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Alisikia. Nilimwona anafuta mchanga kwenye kiti cha nyuma kwa kiganja, taratibu, kisha akasimama kunisubiri.

Miaka yote ile Mama hakuwahi kutaka kuivunja desturi hiyo kwa ajili ya mtu yeyote. Nikaiwazia mikono yake kwenye kiuno cha yule bwana, nikashindwa. Nikamgeukia shemeji.

"Mama anasema amechoka. Turudi."

Shemeji alinitazama, akatazama chini. Hakuwa na njia ya kumuuliza Mama, na mimi nililijua hilo nilipofungua mdomo.

"Sawa, shemeji," akasema, akazima injini.

Mama alirudi kwenye mkeka, akavaa viatu vyake kimoja kimoja. Ndani ya pikapu alifumba macho mpaka Ihanda. Nilitaka kuomba msamaha, nikajiambia nitaomba kesho, na kesho nikajiambia pengine amesahau.

Mdogo wangu alijifungua salama, na shemeji akaja kumpa Mama habari. Alisimama uani, mbali kidogo. Mama alikuwa mlangoni, ameangalia upande wa migomba. Nikaweka jembe chini, nikanawa mikono, nikaja kusimama katikati yao, mahali pangu.

Mama akainama kidogo kuchungulia nyuma yangu, akamwita binti yangu.

"Njoo hapa, mjukuu wangu. Mwambie mkwe wangu nimefurahi sana. Mwambie mtoto akikua kidogo, nitakuja kumwona."

Nikasogea kumpisha. Binti yangu akasimama pale nilipokuwa nimesimama, akayasema yote, neno kwa neno.