Nafasi ya Katikati Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Nilipewa ndoo na gazeti kuukuu, nikaambiwa nisugue kioo cha dirisha la studio kwa nje, baridi ya Mbeya ikinikata vidole. Nilikuwa nimeishia darasa la tano, nimeshuka kutoka kwetu milimani na sweta moja, nikidhani kupiga picha ni kubonyeza tu. Bosi, mwenye studio, akatoka na kikombe chake cha chai ya maziwa.

"Vuka barabara," akaniambia.

Nikavuka.

"Unaona nini?"

"Naona picha, Bosi."

"Ipi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba naona moja tu. Dirishani zilijaa picha, lakini kutoka ng'ambo zote zilikuwa madoa, isipokuwa ile kubwa iliyokaa peke yake katikati. Nikamwambia hivyo.

"Basi umeanza kazi," akasema, akarudi ndani.

Nyinyi vijana mnaouza picha mtandaoni, somo la kwanza ndilo hilo, na mimi nililipata nikiwa na ndoo mkononi. Dirisha lile lilikuwa na utaratibu wake: maharusi juu, watoto wa kipaimara chini, katikati picha moja ambayo Bosi aliichagua mwenyewe. Watu walipanda gari kutoka Tukuyu kuja kuangalia nani yuko katikati. Bosi alizaliwa hapo hapo mjini, babu yake ndiye aliyefika kutoka India na marobota ya vitambaa. Aliongea Kigujarati na mama yake, Kisafwa na akina mama waliouza viazi, na mimi aliniongelesha kwa neno moja zaidi kuliko mengine yote: "Bado."

Nitaeleza. Nilianzia chumba cha giza, mahali filamu zinaposafishwa kwa dawa na picha kuchapwa chini ya taa nyekundu. Kisha nikapelekwa tawi la Iringa, chini ya Meneja wa Tawi, mtu aliyevaa tai hata Jumamosi. Huyo ndiye aliyenifundisha nyuso. "Usimwambie mtu acheke," alikuwa akisema. "Mwambie avute pumzi, halafu aiachie. Ukiona mabega yameshuka, bonyeza." Mpaka leo ukiona picha ya mtu wa Iringa ametulia kama yuko kwake, uliza aliyeipiga. Kuanzia Makambako mpaka Tunduma hapakuwa na fundi wa kunishinda. Sisemi kwa kujisifu, ingawa nikijisifu pia sioni kosa.

Baadaye nikatumwa Makongolosi, kwa wachimbaji wa dhahabu. Nilibeba pazia lililochorwa maua, taa, na koti la studio. Koti hilo lilikuwa moja, jeusi, na kila mchimbaji alilivaa juu ya vumbi lake ili nyumbani wamwone amepata. Mwembamba nilimbana kwa pini mgongoni, mnene nilimwambia asifunge vifungo. Wengine hawakurudi makwao, ile picha ndiyo iliyorudi.

Kila picha niliyoiona nzuri nilimpelekea Bosi. Aliitundika katikati ya dirisha, akavuka barabara, akaitazama, akarudi akaitoa. "Bado." Hakueleza. Ukimuuliza inakosa nini, anakuuliza wewe unaona inakosa nini.

Sasa kulikuwa na desturi ya kumaliza filamu. Zamani filamu haikusafishwa mpaka iishe, kwa hiyo fundi akibakiwa na nafasi mbili tatu alipiga chochote, paka, mlango, mpita njia, ili kazi ya wateja isikae. Nilirudi kutoka Makongolosi na nafasi moja imebaki. Ukungu ulikuwa bado haujapanda kutoka mjini. Mama yake Bosi alikaa kwenye ngazi za nyuma ya studio, shali mabegani, sinia la dengu mapajani, akitoa mawe. Sikumwambia avute pumzi. Nikapiga, nikaingia ndani.

Picha ilipotoka nikajua. Ukungu ulikuwa umemzunguka, na mikono yake ndiyo peke yake iliyokuwa na mwanga. Nikaiweka kaunta. Bosi hakuitundika, wala hakuvuka barabara. Aliishika muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akishika picha.

"Bado," akasema, akaitia kwenye droo.

Niliumia. Nyingine zote nilikubali, lakini ile nilijua. Sikuiomba tena, maana nami nina kiburi changu, na kiburi hicho ndicho kilichonijengea nyumba.

Miaka ikaenda. Yule mama akafariki. Mimi nikafungua studio yangu Mwanjelwa, nikaajiri watu wenye vyeti, nikasomesha watoto. Lakini kila nilipopata picha ya kunipa usingizi mtamu niliifunga kwenye gazeti nikampelekea Bosi, kama mtoto anayepeleka daftari. Mara ya mwisho alisema, "Bado kidogo." Nilitembea kwa furaha mpaka nyumbani. Haukupita muda akafunga studio na kuwafuata watoto wake ng'ambo. Pale dirishani sasa wanauza makava ya simu, na mimi nikipita navuka barabara bado, sijui naangalia nini.

Mikono yangu ilipoanza kutetemeka niliweka kamera chini. Nikaamua picha zangu zisifie kwenye makasha, nitatengeneza tovuti yangu mwenyewe, watu wazione na wazinunue. Nikaenda Kihesa, Iringa, kwa Neema, mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti. Tulipanga kila kitu. Yeye akanifundisha kuzipunguza uzito, maana picha nzito haifunguki kwa mtu mwenye mtandao wa kubahatisha. Akaweka jina langu kwa maandishi ya kufifia juu ya kila picha, zisiibwe. Mimi nikamwambia aegemeze simu kwenye jagi la maji, nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Mjomba, watu wanaangalia simu hapa puani," akasema.

"Wewe vuka barabara."

"Barabara gani, tuko sebuleni."

Lakini alikuja mlangoni, akatazama, akarudi akapunguza picha za ukurasa wa mbele bila kuniambia kitu. Naye ndiye aliyegundua koti. "Mjomba, hawa wanaume wote wamevaa koti moja?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akazikusanya akazipa ukurasa wao, jambo ambalo mimi nisingeliwaza, na hizo ndizo zinazonunuliwa kuliko milima yangu yote. Watoto wanamtafuta baba kwenye lile koti.

Tukagombana kwa jambo moja. Ukurasa wa mbele niliupanga kama dirisha la Bosi, na katikati nikamwambia aache wazi.

"Mjomba, pataonekana pameharibika."

"Paache. Mwenye kusema hajasema."

Alinielewa, kwa sababu habari za Bosi amezisikia tangu utoto. Lakini wateja hawakuelewa. Walipiga simu mmoja baada ya mwingine. "Fundi, ya katikati inagoma kufunguka." "Mzee, bando langu limeisha nasubiri hiyo ya kati." Jirani yangu Mwanjelwa alinishauri kwa upole nibadilishe mtandao. Niliwajibu wote kwamba itafunguka.

Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, jamaa ya kina Bosi, alinipa namba ya binti yake Bosi. Neema akamtumia anwani ya tovuti na salamu zangu. Binti akajibu kwamba baba anaumwa, analala mchana kutwa, macho yamepungua, atamwonyesha akipata siku nzuri. Nikangoja hiyo siku nzuri. Sijawahi kungoja mteja hivyo. Niliamka, nikafungua simu, nikatazama lile tundu langu jeupe, nikafunga. Mtu mzima, mwenye nyumba na wajukuu, namwogopa mzee asiyeweza kushuka kitandani, na naogopa zaidi kwamba hatanijibu.

Jibu lilikuja kwa sauti. Kwanza kikohozi, halafu yeye, amezeeka lakini yeye.

"Amba," akaniita kwa jina langu. "Nimemwambia binti aiweke kompyuta kule mwisho wa chumba. Mimi niko ng'ambo ya barabara." Akapumzika. "Hao wa koti, wazuri. Mlima ule wa Rungwe, bado." Akapumzika tena, nikasikia binti akimwambia kitu kwa lugha yao. "Katikati mbona wazi? Mpumbavu wewe. Ile ya Mama iko wapi?"

Nyuma ya sauti ikafuata picha aliyoipiga binti kwa simu. Ni ukuta wa nyumba yao huko waliko. Kwenye ukuta kuna fremu, ndani ya fremu ngazi, ukungu, sinia, ile mikono. Mwangaza wa balbu umeangukia kioo, fremu imekaa upande, na chini pembeni inaonekana ncha ya kitanda na blanketi.

Neema alisema binti aitoe kwenye fremu aipige upya, au yeye aisafishe, auondoe ule mwangaza, ainyooshe. Kwa sheria zote nilizofundishwa, chumba cha giza, Iringa na kwingine, alikuwa sahihi kabisa.

"Iweke hivyo hivyo," nikamwambia. "Na blanketi lionekane."

Ndiyo inayofunguka sasa katikati ukiingia kwenye tovuti yangu. Haina jina langu juu yake. Wameshauliza wengi jinsi ya kuinunua, kwa sababu chini ya nyingine zote kuna kitufe cha kununua na chini ya hiyo hakuna. Hiyo haiuzwi. Lakini rudi nyuma kidogo, mpaka mlangoni, kisha uniambie unaona nini.