Nani Atanifungia Geti

Geti la nyumba ya Mwalimu Paulina pale Mikumi lilitengenezwa na mumewe, Lucas, kwa vyuma vya lori bovu, na tangu siku ya kwanza lilikuwa zito kupita kiasi. Bawaba ya chini ililegea mapema. Kulifunga ilibidi uliinue kwa bega, ulisukume, kisha ulishushe taratibu mpaka komeo liingie. Paulina alijaribu, akachubuka mkono, Lucas akacheka.

"Achana nalo, mama. Hilo ni la kwangu."

Basi kila jioni Lucas alipotoka gereji yake kando ya barabara kuu, alioga, akafunga geti, ndipo akaketi kula. Waliishi hivyo miaka mingi, yeye akitengeneza malori, mkewe akifundisha Kiswahili shule ya sekondari. Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa wameacha kulizungumza.

Mchana mmoja Lucas aliitwa kwenda kutengeneza lori lililoharibika barabarani, ndani ya hifadhi. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya tairi wakati lori jingine lilipokatika breki, likamgonga. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho.

Walimzika kwao, Zombo. Paulina hakulia kanisani, wala njiani kwenda makaburini, na baadhi ya wanawake walishaanza kunong'ona kwamba mwalimu ana moyo mgumu. Jeneza lilipoanza kushushwa ndipo sauti ilipomtoka. Haikuwa sauti ya kuomboleza iliyozoeleka. Ilikuwa ya mtu anayeuliza swali na kutaka ajibiwe.

"Lucas! Nani atanifungia geti? Lucas, nani atanifungia getiii?"

Mwishoni sauti ilipanda, ikakatika. Magoti yakamwishia nguvu, kiatu kimoja kikachomoka, kanga ikamfunika uso, wanawake wakamdaka.

Alikaa Zombo siku zote za matanga, nyumbani kwa wifi yake Magreti, dada mkubwa wa Lucas. Magreti alimlaza kitandani kwake, yeye mwenyewe akalala mkekani. Alimnywesha uji kwa kijiko kama mgonjwa. Paulina alipotaka kurudi kazini, Magreti alimsindikiza mpaka Mikumi, akakaa naye wiki kadhaa, na akamtafutia fundi wa kulipunguza lile geti uzito.

Shuleni walimu walimpa pole, wanafunzi wakasimama kimya alipoingia darasani. Mambo yaliharibika kengele ya kwenda nyumbani ilipolia. Wakati anakusanya madaftari, mvulana mmoja wa kidato cha tatu alilegeza magoti nyuma ya darasa, akaimba kwa sauti nyembamba, "Nani atanifungia getiii?" Darasa zima likaangua kicheko. Wengine walijiziba midomo, lakini walikuwa wameshacheka.

Paulina alidhani ni maneno yaliyosambaa mtaani tu. Nickson, mwalimu wa michezo, ndiye aliyemkuta amekaa ofisini na yale madaftari mapajani.

"Mwalimu, kumbe hujaiona?" alisema, na palepale akajuta. Lakini alishasema, ikabidi atoe simu.

Ilikuwa video fupi. Kanga imeshamfunika uso, mtu asiyemjua asingemtambua. Kuna aliyeitia ngoma. Kuna aliyelikata lile anguko lake akalirudisha nyuma na mbele, nyuma na mbele, hadi ikawa kama mwanamke anacheza kando ya kaburi.

"Watu wangapi wameiona?"

"Mwalimu," Nickson alisema, "bora usiulize."

Miezi iliyofuata ilimwonyesha. Timu ikifungwa, mashabiki waliandika nani atanifungia geti. Mshahara ukichelewa, walimu wenzake waliandika hivyohivyo kwenye kundi lao, kisha mmoja anafuta haraka akikumbuka nani yumo. Mchekeshaji mmoja wa Dar es Salaam alivaa gauni na kanga akaigiza anguko, akapata wafuasi. Stika ikatengenezwa. Kilosa mjini bajaji zilibandikwa maneno hayo kwenye kioo cha nyuma. Paulina aliacha kwenda harusini. Kisha akaacha kwenda misibani, na hilo ndilo watu walilomlaumu.

Alipoomba ruhusa ya masomo kwenda kusoma uzamili wa mawasiliano ya umma, majirani walisema anakimbia. Hawakukosea sana. Lakini alikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Alitaka kujua ilianzaje. Alitaka kumpata aliyeanza, na alitaka mahali fulani, kwenye karatasi yenye muhuri, paandikwe kwamba jambo lile lilikuwa baya.

Chuoni alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wenzake wengi. Walisoma jinsi redio ilivyobadilisha lugha, jinsi matangazo yanavyoufundisha mji kutamani, jinsi picha inavyoachana na mtu aliyepigwa na kuanza maisha yake yenyewe. Alisoma kwa bidii ya mtu anayetafuta dawa.

Muhula wa pili, katika semina ya utamaduni na mitandao, ilikuwa zamu ya Yusrah kuwasilisha. Yusrah alikuwa binti mchangamfu wa Dar es Salaam, mwenye akili, ambaye mara nyingi alimnunulia Paulina chai na kumwita dada. Alizungumza kuhusu misemo ya mitandaoni. Akawasha projekta, na ukutani, ukubwa wa mlango, akatokea Paulina anaanguka, anainuka, anaanguka.

Darasa likacheka. Mhadhiri naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Uzuri wake," Yusrah alisema, "ni kwamba msemo huu hauna mwenyewe. Umekuwa mali ya watu wote. Kila mtu anautia maana yake."

Paulina alinyoosha mkono.

"Huyo mama alikuwa analia nini?"

"Sijui kwa kweli, dada. Nadhani ni msiba." Yusrah alitabasamu, si kwa ubaya. "Lakini maana ya mwanzo imeshakufa. Hiyo ndiyo hoja yangu."

Wakaendelea na slaidi nyingine. Baada ya semina Yusrah alimuuliza kama anaumwa, maana uso wake ulikuwa umepauka. Paulina akasema ni malaria inamnyemelea.

Jioni ileile alikwenda kwa msimamizi wake, Dokta Vitalis, akafunga mlango, akamwambia kila kitu. Dokta Vitalis alivua miwani. Alimpa pole, na pole ilikuwa ya kweli. Kisha akainuka akaanza kutembea chumbani.

"Paulina, hii ni mada. Hakuna aliyeifanya hapa kwetu. Fuata msemo mmoja tangu kaburini hadi kwenye kioo cha bajaji. Ila sikiliza. Usijiweke ndani. Wakijua ni wewe, watasema umeandika kwa uchungu, si kwa utafiti. Mwite mjane. Basi."

"Mjane," Paulina alirudia.

"Ndiyo. Mjane mmoja wa wilaya ya Kilosa."

Akakubali. Likizo ilipofika alirudi Kilosa na kinasa sauti, akaanza kuhoji watu kuhusu yeye mwenyewe.

Dereva wa bodaboda kwenye stesheni ya treni mpya alimhakikishia kwamba yule mwanamke ni mwigizaji. "Analipwa yule, mama. Mtu mwenye uchungu kweli hawezi kulia kuhusu geti." Kijana wa saluni alisema aliwahi kusikia kwamba mume hakufa, alitoroka na mwanamke wa Ifakara. Sokoni muuza kanga alimkunjulia doti ya rangi ya zambarau, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa chini: NANI ATANIFUNGIA GETI.

"Hii wanainunua sana walioachika," muuzaji alisema. "Wewe una mume?"

"Nilikuwa naye."

"Basi hii ni yako kabisa, mama. Chukua."

Akaichukua. Picha yake ilikuja kuwa kiambatisho katika tasnifu.

Kumtafuta wa kwanza kulichukua muda. Alikwenda nyuma, kutoka kwa mchekeshaji hadi kwa ukurasa wa vichekesho, kutoka ukurasa ule hadi kwa kijana wa Mwanza aliyeitia ngoma, na yule kijana, bila kujua anaongea na nani, akamwambia aliitoa kwenye stetasi ya jirani yake. Jirani huyo aliitwa Agatha. Agatha alikuwa mdogo wake Lucas, kitinda mimba wao, ambaye wakati wa mazishi alikuwa Mwanza, mjamzito, amekatazwa na daktari kusafiri. Mtu aliyekuwa Mwanza hawezi kurekodi mazishi ya Zombo.

Alipanda bodaboda kwenda Zombo. Magreti alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mbona umekuja bila taarifa? Ningekuchinjia kuku."

Paulina alikaa kwenye kigoda, akatoa fomu ya ridhaa na kinasa sauti, maana hakujua namna nyingine ya kuanza. Alieleza kuhusu utafiti. Magreti alimsikiliza huku mikono ikiendelea na mahindi.

"Unaniuliza kama wifi yangu," alisema mwishoni, "au kama mtu wa chuo?"

Paulina aliisogeza fomu karibu naye.

"Basi ngoja nimjibu wa chuo, labda yeye atanielewa. Ni mimi. Agatha alipiga simu analia, anataka kumwona kaka yake anavyozikwa. Nikanyoosha simu. Ningefanyaje? Nilimtumia yeye peke yake. Naye akaiweka kwenye stetasi watu wampe pole. Ndiyo hivyo tu. Hakuna kingine."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa umelala humo ndani."

"Na ukaninywesha uji."

"Ulitaka nikunyime?"

Mbuzi walilia nyuma ya nyumba. Magreti aliacha mahindi, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kila nikisikia mtu anasema maneno yale natoka nje. Agatha alifuta siku ileile, ikawa kama kufagia mchanga. Wewe Paulina, ulitaka awe nani? Ulitaka awe mchawi gani?"

Hilo ndilo lililomuumiza. Kwa miaka yote alikuwa amemtengeneza mtu mmoja kichwani, kijana mwenye simu nzuri na moyo mbaya, na alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia. Sasa hakukuwa na mtu. Kulikuwa na dada aliyefiwa na kaka, na dada mwingine aliyefiwa na kaka. Magreti alitia sahihi kwenye fomu polepole, herufi moja moja. Paulina hakusubiri chakula. Tangu siku hiyo walipigiana simu Krismasi na Pasaka, wakaulizana habari za afya.

Aliandika mwaka mzima. Tasnifu ilikuwa ya Kiingereza, na maneno aliyoyasema kaburini, alipoyatafsiri, yakawa sentensi ya kawaida kabisa, kama ya mpangaji anayemuulizia mlinzi. Alijaribu kuitafsiri kwa namna mbalimbali. Akaiacha.

Siku ya kuitetea, walikaa jopo la watu watano. Mtahini wa nje, profesa wa makamo mwenye sauti tulivu, aliomba klipu ionyeshwe ili wote waelewe. Ikaonyeshwa. Mmoja wa wanajopo alicheka, akaziba mdomo, akaomba radhi. Waliisifu kazi yake. Walisema imepangwa vizuri na ushahidi wake ni mwingi.

"Ila naona pengo moja kubwa," profesa alisema. "Umehoji madereva, wauza kanga, wachekeshaji, hata ndugu wa marehemu. Mjane mwenyewe sauti yake haimo. Kwa nini hukumhoji?"

Dokta Vitalis aliinamia karatasi zake, akawa kama anatafuta kitu.

"Nilimfuata," Paulina alisema. "Alikataa."

"Ulijaribu tena?"

"Mara nyingi, Profesa."

"Inasikitisha. Yeye ndiye angetuambia jambo la maana zaidi. Liandike basi kwenye mapungufu ya utafiti."

Akapita, kwa sharti la marekebisho madogo. Usiku haukuisha bila Yusrah kumtumia ujumbe wa pongezi, akaweka stika mwishoni. Paulina aliitazama, akazima simu. Siku iliyofuata aliandika aya ile ya mapungufu: kwamba mjane hakupatikana kwa mahojiano, na kwamba watafiti watakaofuata wajitahidi kumpata.

Alirudi Mikumi na shahada yake. Wilaya ilimwita mara mbili kuzungumza na vijana juu ya matumizi mema ya mitandao. Walimpigia makofi. Hakuna aliyemuuliza amelijuaje hilo.

Nakala moja alimpelekea Magreti, kwa sababu alimhoji na alistahili kupewa. Magreti aliishia darasa la saba na Kiingereza hakukijua, lakini aliketi nayo mlangoni, akalamba kidole, akaanza kufunua ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka mistari. Paulina alidhani anatafuta sehemu yake.

"Wewe umeandikwa ndugu wa marehemu, wa kike," alimwambia. "Sura ya nne. Ngoja nikuonyeshe."

"Sijitafuti mimi."

Alifunua hadi mwisho, mpaka kwenye picha ya kanga ya zambarau, akarudi mwanzo.

"Lucas yuko wapi?"

"Utafiti hauruhusu majina, wifi. Tumeandika marehemu."

"Kitabu chote hiki?"

"Chote."

Magreti alikifunga, akakifuta jalada kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi, akamrudishia.

"Kaa nacho wewe," alisema, akainuka kwenda kuwafukuza kuku kwenye mahindi.